Mawe ya Jiko la Mashua

Mwanaheri alikuwa amejiapiza kwamba hatakwenda stesheni. Mwanamke aliyekwisha kuachika mara moja, alijisemea, hana haja ya kuonwa na mji mzima akikimbilia gari la moshi kwa ajili ya mwanamume. Lakini honi ilipolia kwa mbali, upande wa Mikese, miguu yake haikungoja ruhusa. Alijitanda kanga yake mpya, akausukuma mlango wa uani polepole ili mama yake, Bi Mwaisha, asiulize, akatoka Mwembesongo akiruka madimbwi ya masika.

Ilikuwa Ijumaa. Milima ya Uluguru ilikuwa imejifunika wingu tangu alfajiri, na huko ndiko alikotoka mjomba wake, Mzee Pazi, jana yake. Alishuka kutoka Towelo kwa mambo mawili: kununua chumvi, na kumsikiliza mtu aitwaye Hatibu. Kwa Waluguru, mtoto ni wa upande wa mama, na asemaye juu ya posa ni mjomba. Mwanaheri alikuwa amembembeleza sana ateremke. Mzee alikubali kwa shingo upande. Alisema atakaa mpaka watu watoke msikitini adhuhuri na kula chakula chake, na kesho asubuhi anarudi kwake, posa imekuja haikuja.

Huyo Hatibu alikuwa mpishi, mtu wa Pangani, aliyetembea na Mdachi mmoja asiye na kazi nyingine duniani ila kutazama ndege. Wapagazi walimwita Bwana Ndege. Mwaka uliopita walikuja kupanda milima, na Hatibu akanunua ndizi kwa Mwanaheri pale sokoni. Kesho yake akaja kununua tena, na kesho kutwa tena, hata wapagazi wakalalamika kwamba kambi nzima inanuka ndizi zilizooza. Alipoondoka aliacha ahadi. Baada ya hapo zilikuja salamu tu, leo kwa kinywa cha huyu, kesho kwa kinywa cha yule, mpaka juzi fundi mmoja wa reli alipompitia Mwanaheri sokoni na kumwambia, "Yule mpishi anasema Ijumaa anakuja."

Gari lilisimama likitoa mvuke. Hatibu alishuka behewa la mwisho, kanzu yake nyeupe imekunjamana, kikofia mkononi, kifurushi cha nguo begani. Alikuwa amekonda, macho yakawa makubwa zaidi. Yalipomwona Mwanaheri yalitulia, na kwa muda ule mfupi Mwanaheri hakusikia kelele za wachukuzi wala za injini. Alikuwa ameandaa maneno ya kumlaumu. Yote yakamponyoka.

"Heri," alisema Hatibu, kwa sauti ile ile.

"Labeka."

Kisha macho yake yakapita juu ya bega la Mwanaheri, yakaanza kutafuta upande wa madukani. "Niambie kwanza. Mawe ya gesi yanauzwa wapi hapa?"

Mwanaheri alidhani amesikia vibaya.

Hatibu alimweleza huku wakitembea, naye akatembea upesi kama mtu anayefukuzwa. Mashua ya Bwana Ndege ilikuwa imefungwa Ruvu, karibu na daraja la reli. Ndani yake kulikuwa na jiko la ajabu lililoletwa kutoka Ulaya, lisilotumia kuni, makaa wala mafuta. Lilikula mawe. Unatia mawe katika tangi lake, unayadondoshea maji, yanatoa gesi yenye harufu kama ya kitunguu saumu, gesi inapita katika mrija, unawasha kiberiti, unapika. Mkebe wa mawe ulikuwa umetoboka, unyevu ukaingia, yakafa yote yakawa majivu. Tangu hapo Bwana Ndege alikuwa akila vya kopo, baridi, akinuna toka asubuhi hadi jioni. Maji ya mto yalikuwa yamejaa na alitaka kuteremka mpaka Bagamoyo kabla hayajapungua. Alimruhusu mpishi wake aje Morogoro, lakini arudi leo leo kwa gari la alasiri, na mawe mkononi. Asipokuwa nayo asirudi.

"Mjomba yupo nyumbani," Mwanaheri alisema. "Anakungoja wewe."

"Nitafika. Tupate mawe kwanza, moyo utulie, nikae mbele yake kama mtu."

Lilikuwa neno la haki, na Mwanaheri akalikubali. Akampeleka mwenyewe dukani kwa Lalit.

Lalit alikuwa Mhindu mwenye duka lililosheheni, mtu ambaye hupenda kumwambia mteja kwamba kitu kisichokuwapo kwake hakijaumbwa. Alionyesha madebe ya mafuta ya taa yaliyopangwa mpaka darini. Hatibu alimwambia jiko lake halinywi mafuta. Lalit akaleta makaa. Hatibu akasema wala halili makaa, linakula mawe. Lalit alimtazama Mwanaheri kana kwamba anamwonea huruma, kisha akamwita mkewe, Urmila, kutoka nyuma. Urmila alisikiliza kwa makini, akaingia stoo, akatoka na magadi.

"Haya ndiyo mawe ya kupikia," alisema. "Maharage yanaiva upesi sana."

Hatibu akatikisa kichwa. Urmila akarudi ndani, akaleta shabu ya kusafishia maji. Akarudi tena, akaleta jiwe la kunolea visu. Mwishowe Lalit alipoelewa, alisema mawe hayo aliyaona siku moja kwa watu wa reli, wanayatia katika taa zao. Dukani hayaji, kwa sababu hakuna mtu wa Morogoro aliyewahi kuyaomba.

Wakarudi stesheni walikotoka. Mvua ikaanza. Mtunza ghala wa reli alikuwa kijana wa misheni aitwaye Alois, mwenye adabu nyingi na huruma kidogo. Alikiri kwamba mawe yapo. Aliyaonyesha hata mapipa yake, yamepangwa nyuma ya wavu. Lakini yalikuwa ya taa za reli, na hata chembe haiuzwi, haikopeshwi, wala haitolewi sadaka. Hatibu alimsihi kwa Kiswahili, akamsihi kwa Kidachi cha jikoni. Alois alimsikiliza mpaka mwisho, akamtakia safari njema, akafunga dirisha. Hatibu alibaki amesimama akilitazama lile dirisha. Mwanaheri aliona mishipa ya shingo yake imesimama, akamwonea uchungu, akamshika mkono wa kanzu.

"Nina shoga yangu misheni," alisema. "Padri ana taa ya aina hiyo."

Njia ya misheni ilikuwa tope tupu. Huko Scholastika, ambaye Mwanaheri alicheza naye utotoni kabla hajabatizwa, aliacha nguo za kanisa kwenye beseni, akaenda kuomba, akarudi anatabasamu na kopo zima mikononi. Hatibu alilipokea kama mtu anayepokea mtoto mchanga. Alipofungua kifuniko, ndani mlikuwa na unga mweupe mithili ya chokaa. Akaudondoshea maji ya mvua. Akanusa. Akadondosha tena. Haukutoa harufu wala povu.

"Yamekufa," alisema.

Scholastika aliomba radhi kana kwamba ni yeye aliyeyaua. Walikuwa wakiteremka kurudi mjini wakati Mwanaheri alipoona kanzu za watu wanaotoka msikitini zikipita baina ya nyumba kule chini. Adhuhuri ilikuwa imekwisha. Akakaza mwendo.

"Mjomba yuko njiani kurudi nyumbani. Twende sasa."

Hatibu alisimama njia panda. "Hebu tupitie kwanza kule kwa mafundi wa reli. Mchukuzi mmoja pale stesheni amesema..."

"Hatibu." Mwanaheri alilisema jina lake taratibu sana. "Umekuja kuposa, au umekuja kununua mawe?"

"Nimekuja kwa yote mawili."

"Na mjomba wangu ni la ngapi katika hayo mawili?"

"Nikirudi bila mawe sina kazi, Heri. Nikikosa kazi, nitamwambia mjomba wako nini? Kwamba mpwa wake atakula ndege?"

"Huko Ruvu hakuna kuni?"

"Kingo zote zimefunikwa na maji. Na huyu bwana aliwahi kuunguliwa na mashua, kwao, kwa cheche moja tu ya kuni. Haoni kuni mashuani ila anatetemeka."

"Kwa hiyo Mdachi anaogopa cheche, na mimi ndiye ninayeungua."

Hatibu alijifuta maji usoni. Alikuwa amechoka, ana njaa, na mtu mwenye njaa hutoa neno kabla hajalipima. "Wewe hujui taabu ya mtu anayesafiri," alisema.

"Najua taabu ya mtu anayengoja."

Alimgeuzia mgongo. Nyuma yake alisikia jina lake likiitwa mara moja, kisha akasikia mvua peke yake.

Alipofika mahali pa kukunja kona kwenda Mwembesongo, hakukunja. Machozi yalikuwa yamemjaa na hakutaka mama yake ayaone, wala hakutaka kumkabili mjomba mikono ikining'inia. Tena kulikuwa na jambo alilolijua tangu pale dukani kwa Lalit, ambalo hakulisema kwa sababu lilimchoma. Machimbo ya ulanga, lile jiwe la kung'aa lipasukalo kama karatasi, kule milimani yalikuwa na taa za mawe. Na nyapara wa wapagazi wa machimbo alikuwa Rehani.

Rehani alikuwa amefiwa na mkewe, mtu mzima wa makamo, mwenye mashamba mazuri mlimani na tabia isiyotiliwa doa na mtu. Alikuwa amekwisha kutuma watu kwa Mzee Pazi kumposa Mwanaheri, naye alikuwa anangoja jibu bila kusumbua. Laiti angekuwa mtu mbaya. Mwanaheri alikuwa amejaribu mara nyingi kumtafutia ubaya wake akashindwa.

Alimkuta katika banda lililo karibu na reli, ambamo ulanga ulikatwa na kufungwa. Vipande viling'aa sakafuni kama magamba ya samaki. Rehani alisimama alipomwona, akamvutia kigoda, akamwambia akae apate joto. Mwanaheri hakukaa. Akaeleza haja yake yote, ya nani na ya nini, kwa sababu alijua akimdanganya mtu huyu hatajisamehe.

Rehani alikuna ndevu zake zilizoanza mvi.

"Anaondoka leo?"

"Kwa gari la alasiri. Akipata mawe."

"Na asipopata?"

"Amefukuzwa. Hataondoka."

Rehani akacheka kidogo, kicheko kisicho na furaha. "Basi ngoja nikupe."

Alitoa mkebe mzima kutoka fungu lake la mwezi, akaufunga kwa ngozi ya mbuzi ili mvua isiupenye, akakaza kamba mara mbili. Alipomkabidhi aliushikilia kidogo zaidi ya ilivyohitajika.

"Ningekunyima ungenichukia," alisema. "Nikikupa atakwenda zake. Usidhani nimekufanyia wema, Mwanaheri. Mimi pia natafuta changu."

Mwanaheri alishukuru akitazama chini. Akatoka mvuani na mkebe umefumbatwa chini ya kanga, mzito kama jiwe la kusagia. Alitembea huku akijiuliza anafanya nini. Anamtafutia mwanamume anayempenda njia ya kuondoka, tena anaiomba kwa mwanamume ambaye yeye mwenyewe hampendi.

Alifika nyumbani akakuta viatu vya Hatibu mlangoni.

Alikuwa ndani, ameketi ukingoni mwa mkeka, kanzu imemganda mwilini, maji yanamchuruzika. Mbele yake alikuwa Mzee Pazi, ameegemea nguzo, mfuko wa chumvi pembeni yake. Bi Mwaisha alikuwa jikoni na mlango wa jikoni ulikuwa wazi kupita kiasi. Baadaye mama ndiye aliyemsimulia Mwanaheri kwamba kijana alikuja mbio punde tu baada ya watu kutoka msikitini, akapiga hodi, akatoa shikamoo yake, akasema mawe hakupata na hayatafuti tena. Alikuwa amemtafuta Mwanaheri njia nzima. Mwanaheri aliposikia hivyo alitamani ardhi ipasuke. Yeye aliacha posa akaenda kutafuta mawe, na Hatibu akaacha mawe akaja kuposa, wakapishana mvuani.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Umebeba nini?"

Mwanaheri aliuweka mkebe chini. "Mawe ya jiko la mashua."

"Ya nani?"

"Nimepewa na Rehani."

Hatibu alimtazama kwa mshtuko, kisha akainamisha uso. Mzee Pazi alitabasamu kwa mara ya kwanza tangu ashuke mlimani.

"Rehani ni muungwana," alisema. Kisha akamgeukia Hatibu. "Nimezungumza na watu msikitini, kijana. Wameniambia mawe haya Dar es Salaam yanauzwa madukani kama chumvi hii. Na Dar es Salaam ni karibu na Ruvu kuliko huku kwetu. Ni kweli?"

"Ni kweli, mzee."

"Ulikuwa unajua?"

Hatibu aliutazama mkebe. "Nilikuwa najua."

"Mtu mwenye akili timamu anaacha duka la karibu, anakwenda la mbali ambalo halina kitu. Nieleze. Nina mpwa mmoja tu, sitaki kumwozesha punguani."

Jikoni sufuria iliacha kugongwa. Hatibu alijipangusa uso kwa kiganja, akamtazama mzee, lakini maneno aliyasema ili Mwanaheri ayasikie.

"Niliomba ruhusa ya kuja kuposa nikanyimwa. Mawe yalipokufa nikamwambia bwana kwamba Morogoro yanauzwa kila duka. Nimezunguka mji mzima leo kwa kuogopa kurudi na uongo wangu mkononi. Dar es Salaam mawe yapo, mzee. Mwanaheri hayupo."

Mwanaheri alihisi joto likimpanda kutoka kifuani hadi masikioni. Kumbe siku nzima alikuwa na wivu juu ya mawe, na mawe yenyewe yalikuwa kisingizio cha kuja kwake. Furaha ilimjia pamoja na hasira, hakujua ashike ipi. Si angesema tu? Si angemwambia pale stesheni, wakaja moja kwa moja nyumbani?

Mzee Pazi hakutikisika. "Kwa hiyo umemdanganya aliyekuajiri kwa ajili ya mwanamke," alisema. "Kesho utamdanganya mwanamke kwa ajili ya nani?"

Hatibu aliinamisha kichwa, na mzee akaendelea.

"Sina ubaya na wewe. Lakini kwetu mume huja kwa mke. Huja akalima, akajulikana na lukolo la mke, ukoo wake wote, watu wakamzoea. Wewe jiko lako linaelea. Leo Ruvu, kesho Bagamoyo. Watoto wa mpwa wangu watazaliwa ndani ya maji kama vyura?"

"Nitamtunza, mzee. Nina mama Pangani, nina nyumba. Atakaa huko, nami kila nikitoka safari..."

"Kila ukitoka safari," alirudia mzee.

Honi ya gari la alasiri ililia stesheni. Hatibu aliinuka nusu, akakaa tena. Akamtazama Mwanaheri kwa macho ya kuomba. "Njoo nami, Heri. Sema neno."

Wote wawili walimtazama, kila mmoja akingoja asimame upande wake. Mwanaheri aliwaona jinsi walivyofanana katika kungoja kule, na uchovu wa siku nzima, wa mwaka mzima, ukamjaa.

"Mimi siendi Pangani kukaa na mama yako nikihesabu mashua," alisema. "Na wewe, mjomba, shambani kwa bibi yangu kuna nafasi yangu, sihitaji kuolewa na Rehani ili nipate pa kulima." Akamgeukia mpishi. "Hatibu, chukua mawe ya watu uyapeleke. Siku ukija tena kwetu, uje mikono mitupu. Usiwe na kingine cha kutafuta mjini."

Hatibu alisimama. Alionekana kama mtu aliyepigwa akatafuta alipoumia asipaone. Aliuchukua mkebe, akawaaga wazee kwa adabu, akavaa viatu vyake vilivyojaa maji. Mlangoni aligeuka, lakini Mwanaheri alikuwa anatazama mkeka. Nyayo zake zilisikika zikikimbia, kisha hazikusikika.

Bi Mwaisha alileta chakula, ugali na mboga ya kunde. Hakuna aliyekuwa na hamu nacho ila Mzee Pazi, aliyekula vizuri. Alisema Rehani ataarifiwa kwamba jambo lake linafikiriwa. Mwanaheri alitega sikio upande wa stesheni. Gari lilipiga honi ya pili, ndefu, likaondoka. Alisikia magurudumu yakishika mwendo kuelekea Mikese, akajikaza mpaka sauti ilipomezwa na mvua. Ndipo alipogundua kwamba ameshika tonge ambalo lilikuwa limekwisha kupoa mkononi. Akalirudisha sahanini. Mama yake akamwekea mkono mgongoni.

Hodi ilipopigwa, Bi Mwaisha ndiye aliyekwenda.

Hatibu alisimama kizingitini akihema, tope mpaka magotini. Hakuwa na mkebe. Hakuwa na kifurushi chake, wala kile kikofia alichokuja nacho.

"Mawe nimemkabidhi kondakta," alisema. "Atayashusha darajani. Nguo zangu zilikuwa ndani ya behewa, nazo zimekwenda."

"Na Mdachi wako?" aliuliza Mzee Pazi. "Sasa ana jiko, hana mpishi."

"Yai anajua kukaanga. Nilimfundisha."

Kisha akavinyosha viganja vyake mbele, vitupu, vinachuruzika maji, akimtazama Mwanaheri peke yake. Hakuomba kitu.

Mzee Pazi alimaliza kutafuna. Alinawa mikono taratibu, akaifuta, akausukuma mfuko wa chumvi kwa mguu mpaka ukafika karibu na kizingiti.

"Mikono mitupu hailimi," alisema. "Kesho asubuhi mfuko huu unapanda Towelo. Tutaona kama mpishi ana mabega." Akaegemea nguzo, akafumba macho, kuonyesha kwamba kwa leo hana zaidi.

Haikuwa ndiyo. Mwanaheri alimjua mjomba wake, alijua njia ya kutoka mfuko wa chumvi hadi ndiyo ni ndefu, ina miteremko na matope. Na Hatibu mwenyewe alikuwa bado amemuudhi, amemuudhi sana, na alikusudia kumwambia yote kesho, neno kwa neno. Akaisogeza sahani ya ugali katikati ya mkeka, akajivuta upande, akamwachia nafasi.